Anayemwita mbunge awe waziri alipie uchaguzi mdogo

Mhariri,

Tangu chaguzi ndogo za Novemba 27, 2025 zifanyike nchini Kenya, nimesikia watu wengi wakidai kwamba chaguzi hizi ni hasara tupu, na kwamba afadhali chama kilichokuwa na kiti kiandike tu jina la mrithi, kama inavyofanywa kiti cha mbunge maalum kinapobaki wazi. Anayesema hivyo huwa ameangalia bili peke yake. Hajauliza kiti kilibakije wazi, na hilo ndilo swali la kwanza kabla ya kujadili nani alipe.

Chukua viti saba vya Bunge vilivyopigiwa kura siku hiyo, tukiacha kando wodi. Vinne vilitokana na mauti: Banissa, alikofariki Kulow Maalim Hassan mwezi Machi 2023; Malava, baada ya kifo cha Malulu Injendi; Kasipul, ambako Charles Ong'ondo Were aliuawa kwa risasi jijini Nairobi Aprili 30, 2025; na useneta wa Baringo, baada ya William Cheptumo kuaga dunia. Kimoja, Magarini, kilifutwa na mahakama. Viwili vilivyobaki, Ugunja na Mbeere Kaskazini, viliachwa na watu wazima wa afya waliopata kazi nyingine: Opiyo Wandayi aliteuliwa Waziri wa Kawi mwaka 2024, na Geoffrey Ruku akateuliwa Waziri wa Utumishi wa Umma mwaka 2025.

Kifungu cha 152(3) cha Katiba kinasema waziri hawezi kuwa mbunge. Waliokiandika walitaka Rais atafute mawaziri nje ya Bunge, ili Bunge libaki na nafasi ya kuwahoji. Hakikumkataza Rais kuingia bungeni na kumchukua mbunge aliyeapishwa. Akifanya hivyo, kiti kinabaki wazi, na gharama ya kukijaza inaangukia hazina ya umma bila mtu yeyote kuulizwa kama uteuzi ule ulistahili bei hiyo.

Bei yenyewe inatoka wapi? Wasomaji wengi hudhani ni karatasi za kura na masanduku. Masanduku ya plastiki yapo ghalani tangu uchaguzi mkuu, hayo si shida. Pesa zinaliwa na watu na magari. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura 22,120,458 waliosajiliwa na vituo 46,229 vya kupigia kura. Gawanya kwa maeneo bunge 290: eneo bunge la wastani lina wapiga kura wapatao 76,000 na vituo karibu 159. Sheria hairuhusu kituo kimoja kuzidi wapiga kura 700, kwa hiyo hata ukijua kwamba watakaojitokeza ni wachache, huwezi kuunganisha vituo ili kuokoa pesa. Lazima kila kimoja kifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi na kifungwe saa kumi na moja jioni, kiwe na afisa msimamizi, naibu wake, makarani na walinzi. Tuseme ni wafanyakazi watano tu kwa kituo: tayari ni watu 795 wa kutangaziwa kazi, kuhojiwa, kufunzwa, kuapishwa na kulipwa. Ukiweka polisi wawili kwa kila kituo, ni askari 318, wengi wao wakitolewa nje ya eneo hilo, wakihitaji mafuta, malazi na marupurupu. Hesabu hiyo ya polisi kwa kawaida haionekani katika bajeti ya Tume ya Uchaguzi (IEBC), ndiyo maana takwimu zinazotajwa hadharani kuhusu gharama ya uchaguzi mdogo huwa pungufu.

Katika uchaguzi mkuu, mtu yule yule, darasa lile lile na lori lile lile hubeba kura sita kwa pamoja, kuanzia ya rais hadi ya mwakilishi wadi. Katika uchaguzi mdogo, gharama karibu ile ile inabebwa na kura moja. Uchapishaji nao una ukali wake. Karatasi za kura za 2022 zilichapishwa Ugiriki. Ukiagiza karatasi za nchi nzima, bei ya kila moja inashuka. Ukiagiza za eneo bunge moja, unalipia alama za usalama, usafiri wa ndege na wakaguzi wa kiwandani kwa idadi ndogo mno. Halafu kuna vifaa vya KIEMS, vile vya kielektroniki vya kutambua wapiga kura na kutuma matokeo. Haviwashwi hivi hivi. Kila kimoja hupakiwa sajili ya kituo chake, hujaribiwa na kuchajiwa, na vituo visivyofikiwa na mtandao wa 3G huhitaji modemu za setilaiti. Kwa eneo kama Banissa, mpakani Mandera, hapo tu pana safari ndefu ya magari yenye walinzi. Sajili iliyochapishwa lazima nayo iwepo, kwa sababu kifaa kikigoma kusoma vidole hakuna muda wa kuleta kingine kutoka makao makuu.

Yote haya yanafanywa mbio, kwa sababu ya saa ya Katiba. Kifungu cha 101(4) kinampa Spika siku 21 kuiarifu Tume kwa maandishi kwamba kiti kiko wazi, na uchaguzi ufanyike ndani ya siku 90 tangu kiti kibaki wazi. Angalia vizuri: siku 90 hazianzi Spika anapoandika. Spika akitumia siku zake zote 21, Tume inabakiwa na 69. Ndani ya hizo, itoe ilani kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, vyama vifanye mchujo, migogoro ya mchujo isikizwe, Tume ipokee karatasi za uteuzi, na ikiwa kuna anayepinga uteuzi, malalamiko yaamuliwe ndani ya siku kumi. Karatasi za kura haziwezi kuchapishwa majina yakiwa bado mahakamani. Amri moja ya mahakama inayomrudisha mwaniaji wiki mbili kabla ya kura inaweza kulazimu shehena nzima ichapishwe upya, na hakuna mtu anayerudishiwa gharama ya ile ya kwanza.

Wanaotaka kuwania nao hunaswa na saa hiyo. Mtumishi wa umma ana siku saba tu za kujiuzulu tangu kiti kitangazwe kuwa wazi, si miezi sita kama ilivyo kwa uchaguzi mkuu. Mwalimu au chifu anayesubiri ilani ya Tume ndipo aandike barua, huwa amechelewa. Mwaniaji huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya siku ya kura, na alete saini za wapiga kura 1,000 waliosajiliwa katika eneo bunge lenyewe. Ukihesabu, mtu aliyeshindwa katika mchujo wa chama hawezi tena kugeuka kuwa mwaniaji huru, kwa kuwa siku 90 zote ni pungufu au sawa na miezi hiyo mitatu. Wengi hugundua hilo mezani kwa msimamizi wa uchaguzi, wakiwa na hundi ya ada ya shilingi 20,000 mkononi.

Sajili ya wapiga kura hufungwa katika eneo husika tangu kiti kitangazwe wazi hadi kura ipigwe. Sababu ni nzuri: bila hivyo mabasi yangejaa wapiga kura wa kukodiwa kutoka maeneo jirani. Lakini zoezi la usajili lilipoanza nchini Septemba 29, 2025, maeneo yenye chaguzi ndogo yaliachwa nje, na vijana waliokuwa wakingojea kujiandikisha wakabaki watazamaji wa kampeni zilizokuwa zikipita mlangoni mwao.

Banissa inahitaji kutajwa peke yake. Makamishna wa mwisho wa IEBC waliondoka Januari 2023, na wapya, wakiongozwa na Erastus Ethekon, hawakuapishwa hadi Julai 11, 2025. Bila makamishna hakuna wa kutangaza uchaguzi. Kwa hiyo siku 90 za Katiba ziligeuka kuwa karibu miezi 32. Katika muda huo Bunge lilipitisha Sheria ya Fedha ya 2023, likapitisha Mswada wa Fedha wa 2024 siku vijana walipoingia bungeni, na Oktoba 2024 likapiga kura kumtimua Naibu Rais, Rigathi Gachagua. Banissa haikuwa na mbunge katika kura yoyote kati ya hizo. Ugunja pia haikuwa na mbunge wakati wa ile ya tatu, lakini kwa Ugunja si kwa sababu ya mauti.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa, ingawa si la kucheka: ucheleweshaji huo uliokoa pesa. Kufanya chaguzi nyingi siku moja, za Bunge pamoja na wodi, kulimaanisha mafunzo ya aina moja, agizo moja la uchapishaji na kampeni moja ya elimu kwa wapiga kura. Kama kila kiti kingejazwa kwa wakati wake, jumla ingekuwa juu zaidi. Lakini akiba hiyo ililipwa na watu wa Banissa na Ugunja, wala hakuna aliyewauliza, na sidhani ni mfano wa kuigwa na mtu anayejali Katiba.

Magarini ni kisa cha aina nyingine. Mwaka 2022 Harrison Kombe alitangazwa mshindi dhidi ya Stanley Kenga kwa tofauti ya kura 21. Mahakama Kuu ya Malindi ikafuta matokeo, na baada ya safari ya rufaa watu wakarudi debeni. Kombe akashinda tena, safari hii kwa mwanya mpana. Anayepinga matokeo ya ubunge ana siku 28 za kuwasilisha kesi na huweka dhamana ya shilingi 500,000. Mahakama Kuu ina miezi sita ya kuamua, kisha rufaa zinafuata. Gharama ya aina hii haizuiwi kwa kubadilisha Katiba. Inazuiwa kituoni usiku wa kuhesabu kura, kwenye Fomu 35A, ile ya matokeo ya kituo. Afisa ameamka saa tisa usiku, ameshinda na foleni, na sasa anajumlisha kwa taa ya betri huku mawakala wakimzonga. Makosa ni yale yale kila mara: jumla ya kura halali haioani na jumla ya waniaji, tarakimu imefutwa na kuandikwa juu bila saini pembeni, fomu haijatiwa saini na msimamizi, wakala amenyimwa nakala, fomu iliyobandikwa mlangoni haifanani na iliyofikishwa kwenye kituo cha kujumlishia kura. Kila moja ni dakika mbili za uangalifu. Palipo na tofauti ya kura 21, dakika mbili hizo ni thamani ya uchaguzi mzima. Kwa maoni yangu siku moja zaidi ya mafunzo ya kujaza fomu, kwa mazoezi ya fomu zenye makosa halisi, ni rahisi kuliko chochote kingine kinachopendekezwa. Mafunzo ya sasa yanatumia muda mrefu mno kwa sherehe za ufunguzi.

Sasa nirudi kwa viti viwili vya hiari, maana hapo ndipo siasa ilipo. Ruku alichaguliwa mwaka 2022 kwa tiketi ya Democratic Party, chama kilichoongozwa na Justin Muturi. Muturi alipofutwa uwaziri mapema 2025, nafasi yake ikapewa Ruku. Wandayi alikuwa wa ODM, chama kilichokuwa upinzani hadi serikali jumuishi ilipoundwa. Kwa hiyo viti vyote viwili havikuwa vya UDA, chama cha Rais. Mbeere Kaskazini ikageuka uwanja wa kupimana nguvu kuelekea 2027: Naibu Rais Kithure Kindiki upande mmoja, Rigathi Gachagua na wenzake upande wa pili. Leonard Wamuthende wa UDA akamshinda Newton Kariuki wa Democratic Party kwa kura 494. Katika uchaguzi mdogo wa Kiambaa mwaka 2021 mwanya ulikuwa 510, na kule pia mshindi alikuwa wa UDA, wakati huo chama kichanga kikimpiga Jubilee nyumbani kwa Rais aliyekuwa madarakani. Chaguzi ndogo zina tabia hiyo. Waliojitokeza ni wachache, kila kura inajulikana ilipo, na vigogo wote wa nchi wana nafasi katika ratiba yao ya kupiga kambi kwenye eneo bunge moja kwa wiki nzima.

Kambi hizo zina gharama ambayo haipo katika hesabu ya mtu yeyote. Transfoma iliyoahidiwa miaka minne inaletwa kwa lori Jumanne. Greda linaonekana kwenye barabara ya wodi. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kutumia mali ya umma kwa kampeni, lakini ni nani atathibitisha kwamba greda lile halikuwa kwenye mpango wa kawaida? Upande wa matumizi ya waniaji nao uko wazi kama zizi lisilo na mlango: Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ipo tangu 2013, na IEBC ilipotangaza viwango vya juu vya matumizi mwaka 2021, Bunge la Kitaifa likavikataa. Kwa vurugu, angalau meno yameonekana kidogo. Kamati ya Tume ya kusimamia kanuni za maadili iliwatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja waniaji wawili wakuu wa Kasipul.

Rai yangu basi ni hii. Pale kiti kinapobaki wazi kwa mauti au kwa amri ya mahakama, umma ulipe na watu wapige kura. Jina la mrithi lisiandikwe ofisini mwa chama. Orodha ya chama inafaa kwa viti maalum kwa sababu mpiga kura hakumchagua mtu, alichagua chama. Mbunge wa eneo bunge alichaguliwa kwa jina lake. Lakini pale kiti kinapobaki wazi kwa sababu Rais amemteua mbunge kuwa waziri, gharama ya Tume ikatwe kwenye mgao wa chama cha Rais katika Hazina ya Vyama vya Kisiasa.

Wapo watakaosema kilipe chama cha mbunge aliyeondoka. Nilivyoeleza, kwa Mbeere Kaskazini hiyo ingemaanisha Democratic Party kulipia uchaguzi uliosababishwa na kuchukuliwa kwa mtu wake, kisha kushindwa katika uchaguzi huo huo. Chama kidogo kisicho na mgao wa maana kingefilisika kwa uteuzi mmoja, na Rais yeyote mjanja angekuwa amepata silaha mpya ya kuvimaliza vyama pinzani. Aliyeita ndiye alipe. Sheria inataka Hazina hiyo ipate si chini ya asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, na sehemu kubwa ya mgao hugawanywa kulingana na kura, kwa hivyo chama cha Rais huwa na cha kukatwa. Mabadiliko ni ya Sheria ya Vyama vya Kisiasa tu. Hayagusi Katiba wala hayamzuii Rais kumteua amtakaye.

Tofauti moja: mbunge anayejiuzulu mwenyewe, bila kuitwa, ili ahame chama na kuwania tena kiti kile kile. Kwetu hili ni nadra, lakini Kifungu cha 103 hakilizuii. Jirani zetu Tanzania walilionja. Kati ya mwisho wa 2017 na 2018, wabunge wa upinzani walijiuzulu, wakajiunga na CCM na kurudi kugombea majimbo yale yale: Kinondoni na Siha zilipiga kura Februari 2018, Ukonga na Monduli Septemba, Liwale Oktoba. Ilipofika Temeke na Simanjiro mwishoni mwa mwaka huo, aliyehama alipita bila kupingwa, kiti kikarudi kwa mtu yule yule. Mtu kama huyo azuiwe kuwania hadi uchaguzi mkuu unaofuata. Hilo peke yake litamaliza hamu.

Kuhusu muda wa mwisho, Katiba inasema kiti kikibaki wazi katika miezi mitatu kabla ya uchaguzi mkuu, uchaguzi mdogo usifanyike. Muda huo ni mfupi mno. Anayechaguliwa miezi minne kabla huapishwa Bunge likiwa tayari limetawanyika vijijini kuomba kura. Ningependelea miezi tisa. Hilo linahitaji thuluthi mbili ya wabunge na thuluthi mbili ya maseneta, kwa hiyo lisiwe sharti la mengine. Wale waliochaguliwa Novemba 2025 walipata kama miezi 20 tu hadi uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027.

Na kabla ya lolote kati ya hayo, Tume ichapishe hesabu ya kila kiti kivyake ndani ya siku 60 baada ya kura: wafanyakazi, uchapishaji, usafiri, vifaa, mawakili, na Huduma ya Polisi iandike yake kando. Bila karatasi hiyo, mjadala wote kuhusu gharama utabaki wa kukisia, na bili haiwezi kutumwa kwa chama chochote.

Mkufunzi wa maafisa wa vituo vya kura,
Kilifi